Taa Tisa Chini ya Wingu

Picha yangu ya kwanza ya dhoruba haikuwa na dhoruba ndani yake. Ilikuwa jioni ya mwezi wa Novemba, nami nilikuwa nimesimama ufukoni karibu na Mwamba wa Bismarck hapa Mwanza, wingu likiwa limeshuka hadi karibu kugusa maji, na moyoni nilikuwa na hakika kwamba sina kazi nyingine zaidi ya kubonyeza kitufe. Nilibonyeza mara thelathini au zaidi. Mvua ilipokuja ilinikuta palepale, ikanilowesha mimi pamoja na kamera ambayo deni lake lilikuwa bado halijaisha, na niliporudi nyumbani na kuzifungua picha zile kwenye kompyuta niliona kijivu juu, kijivu chini, na katikati baka jeusi ambalo ndilo jiwe maarufu la mji wetu. Lile wingu lililonifanya nisahau hata kufunga zipu ya mkoba halikuonekana popote. Ilinichukua misimu miwili ya mvua kuelewa sababu, ingawa ni rahisi mno: nilikuwa chini yake, na aliye chini ya wingu haoni wingu, huona dari.

Wakati ule nilikuwa na studio ya chumba kimoja Kirumba, na riziki yangu ilikuwa harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Kazi hiyo humzoeza mtu kusogea. Ukitaka uso, unasogea. Ukitaka machozi ya mama wa bibi harusi, unasogea zaidi. Mazoea hayo niliyapeleka ziwani kama yalivyo, nikawa nalikimbilia kwa bodaboda kila wingu jeusi lililotokea, na kila mara nikirudi na kijivu kilekile. Mafundi wenzangu walinicheka, na walikuwa na haki.

Ilinibidi kwanza nijue dhoruba zetu hutoka wapi na saa ngapi. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu ya mvua hujijenga juu ya vilima vya pembezoni, hasa upande wa mashariki, kule Kisumu na Kericho, ambako wakulima wa chai wanaifahamu vizuri mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, pepo za kutoka kila upande wa ufuko hukutana juu ya ziwa, na kwa kuwa hazina pa kwenda isipokuwa juu, hupanda zikiwa zimebeba unyevu wote ule. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwani huanza usiku wa manane na kuendelea hadi asubuhi, saa ambazo mpiga picha wa harusi amelala. Upepo wa mashariki huzisukuma kuelekea magharibi, na kwa sababu hiyo Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali sisi wa Mwanza tunapata karibu nusu ya hizo.

Nilipoelewa jambo hilo niliacha kukimbizana na mawingu ya jioni. Nilitafuta mahali pa juu upande wa Bwiru, panapotazama ghuba kwa magharibi na ziwa lililo wazi kuelekea Ukerewe kwa kaskazini, nikaanza kukesha. Usiku wa tatu nililiona wingu la radi kwa mara ya kwanza, namaanisha wingu zima, kuanzia tako hadi kichwa. Lilikuwa mbali sana, pengine kilomita mia moja, na sikusikia hata ngurumo moja, kwa sababu sauti ya radi kwa kawaida haifiki mbali zaidi ya kilomita kumi na tano au ishirini. Watu wengi huuita umeme wa namna hiyo umeme wa joto, wakidhani kwamba hauna mvua. Kumbe mvua ipo na kishindo kipo, ni sisi tu tulio mbali. Katika ukanda huu wa tropiki kilele cha wingu kama lile kinaweza kupita urefu wa kilomita 15, na kikishafika kwenye tabaka la hewa lisiloruhusu kupanda zaidi hutandaa pembeni na kuwa bapa, mfano wa fuawe la mhunzi. Umeme ulipowaka ndani yake, wingu zima liling'aa kwa ndani kama chandarua kilichowekewa taa, mikunjo yake yote ikaonekana kwa muda wa kufumba jicho, kisha giza likarudi. Nilikaa nikiangalia karibu dakika ishirini kabla ya kukumbuka kwamba nilikuja kupiga picha.

Kosa lililofuata lilikuwa la lenzi. Niliamini kwamba anga kubwa hudai lenzi pana, na lenzi pana ndiyo pekee niliyoibeba. Matokeo yake yule mlima wa kilomita 15 ulitokea kwenye picha ukiwa kama kichuguu kwenye uwanja wa mpira. Leo dhoruba ya mbali naipiga kwa lenzi ndefu inayovuta vya mbali, ya milimita 85 au hata 135, ileile niliyoinunua kwa ajili ya nyuso za maharusi, na lenzi pana naiweka kwa ajili ya alfajiri, wakati ukingo wa wingu unapotangulia mbele ya mvua kama rafu ndefu iliyotokezwa ukutani na kufunika kivuko cha Kamanga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mambo mengine ya kamera ni machache kuliko watu wanavyodhani. Kamera inakaa juu ya stendi. Fokasi ya kujiendesha inazimwa, maana gizani huhangaika bila kushika kitu, nami nalenga kwa mkono taa yoyote iliyo mbali. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiweka 200, tundu la lenzi f/5.6 radi ikiwa mbali na f/8, ambalo ni dogo zaidi, ikisogea, na shata, ule mlango wa kupitisha mwanga, naiacha wazi sekunde 20, kisha sekunde 20 nyingine, na nyingine, bila kupumzika. Huwa naulizwa mkono wangu una wepesi gani hata ukaudaka umeme. Hauna wepesi wowote. Naacha mlango wazi, umeme unapita wenyewe, na kwa kila picha moja yenye radi kuna hamsini zenye giza tupu ambazo nazifuta nikinywa chai asubuhi.

Hatari niliijua kwa kukaribia kuipata. Ulikuwa usiku wa mwezi Machi, dhoruba ikiwa bado mbali, au ndivyo nilivyojiambia, nami nilikuwa nimepanda juu ya jabali ili nipate nafasi isiyozibwa na paa la jirani. Joto la usiku lilikatika ghafla, ukapita upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, na nikafurahi kwa ajili ya ule ubaridi badala ya kuelewa kwamba ni pumzi ya wingu lenyewe, hewa iliyoshuka pamoja na mvua na kutangulia mbele yake. Kisha stendi yangu ya chuma ikaanza kulia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama nyuki mmoja aliyefungiwa ndani ya kopo, na nilipoinamisha uso kusikiliza nikahisi nywele za shingo zikisimama. Sikumbuki nilivyoshuka. Ninachokumbuka ni kwamba kamera niliiacha juu ya jabali, na kwamba mmweko na kishindo vilikuja pamoja wakati nikiwa tayari chini ya baraza, bila nafasi ya kuhesabu hata moja. Radi iliupiga mwembe uliokuwa chini ya kilima na kuuchana gome kutoka juu hadi chini. Kamera ilisalimika, na ikawa imepiga picha mbili nyeupe kabisa.

Tangu siku hiyo ninahesabu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni sawa na kilomita moja, na nikihesabu chini ya thelathini nakusanya vitu vyangu na kuingia ndani, hata kama picha ya maisha yangu iko mbele ya lenzi. Naingia nyumbani au ndani ya gari lililofungwa vioo, ambalo humlinda mtu kwa sababu ya bodi yake ya chuma inayoupitisha umeme nje na kuushusha ardhini, si kwa sababu ya matairi kama tunavyopenda kuamini. Kutoka tena nasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Marehemu mama alikuwa akifunika kioo cha kabati kwa kanga na kutuvua nguo nyekundu kila radi ilipoanza, na nilipokua niliyadharau mambo hayo yote kwa pamoja. Kioo na rangi nyekundu havivuti radi. Lakini namna alivyotukusanya katikati ya chumba, mbali na mlango na dirisha, redio ikiwa imechomolewa, hiyo ilikuwa sahihi kabisa, nami nilihitaji jabali na nyuki wa chuma ili kumkubalia.

Ningeishia hapo, fundi wa mawingu anayejua kusimama mbali, kama nisingekutana na mzee mmoja kule mwaloni, ufukoni wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki. Wavuvi wa dagaa hufuata mwezi: katika giza hutoka kila usiku, na mbalamwezi ikishika hubaki ufukoni kushona nyavu, kwa sababu dagaa hufuata taa na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na leo nyingi ni za betri na sola, zikielea juu ya maboya, kila moja na kamba yake na jiwe la kuishikilia. Usiku wa giza ziwa huwa kama mji mwingine. Nami niligundua mapema kwamba wingu lisilo na kitu chini yake ni wingu tu, mtu analitazama na kupita, lakini lile lile likiwa na safu ya taa ndogo chini yake linapata ukubwa wake. Kwa hiyo nikawa nazitumia zile taa kama mapambo.

Picha niliyoipenda kuliko zote niliichapisha kwa ukubwa wa nusu meza, nikaipeleka mwaloni ili wavuvi waione. Ilikuwa na radi tano zilizoshuka ziwani kwa wakati mmoja. Kwa kweli hazikuwa kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimechukua picha tano zilizofuatana na kuzipandanisha kwenye kompyuta, jambo ambalo wapiga picha wengi wa radi hulifanya, na sikuona sababu ya kulisema. Nilimwamkia yule mzee, akaitikia marahaba, akafuta mikono kwenye kaptula na kuinamia picha. Radi hazikumshughulisha hata kidogo. Alianza kugusa taa kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu, kisha akaanza upya.

"Hii umepiga lini, mwanangu?" akauliza.

Nikamtajia usiku wenyewe.

"Usiku ule mwezi ulikuwa umekua. Waliotoka hawakuzidi mitumbwi michache. Wewe hapa umeweka taa arubaini na kitu. Zimetoka wapi?"

Zilitoka kwenye kompyuta yangu. Boya haliwezi kutulia mahali pamoja. Kati ya picha moja na nyingine kila taa ilikuwa imesogezwa kidogo na mawimbi, na nilipozipandanisha zile picha tano, kila taa ikawa taa tano. Nililiangalia wingu kwa wiki nzima bila kuliona jambo hilo, kwa sababu macho yangu hayakuwahi kushuka chini ya mstari wa maji. Nikamweleza ukweli. Hakunigombeza, alisema tu kwamba picha ni nzuri lakini si ya ziwa lao, akairudisha mikononi mwangu kwa heshima zote.

Sisemi kwamba kupandanisha ni dhambi. Anayefanya hivyo na kuandika chini ya picha kwamba ni radi za muda wa dakika mbili zilizowekwa pamoja hajamdanganya mtu. Ila mimi niliacha, kwa sababu nilianza kuona ni mambo mangapi yamo ndani ya picha moja ya sekunde 20 yasiyo na uhusiano na uzuri. Ziwa likiwa shwari, taa hutokea kama nukta. Likichafuka, taa ileile huchora kijimchirizi kilichojikunja, mfano wa mtoto anayejifunza kuandika, na mtumbwi unaokimbilia nchi kavu huvuta mstari mrefu ulionyooka. Mpiga picha hahitaji kuongeza kitu hapo. Yule mzee hunisomea picha zangu kama barua: huyu ametulia, huyu ameanza kukusanya, huyu injini yake imewaka. Rangi pia anaisoma. Nyeupe ya samawati ni ya betri, na ile ya manjano ni ya tajiri mmoja ambaye bado anashikilia karabai kwa sababu anazozijua yeye.

Huwa nafikiria pia asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, wakati ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 19 wakafa kati ya 43 waliokuwamo, na waliokuwa wa kwanza kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ilikuwa katika saa zilezile za asubuhi ninazozisifu kwa wapiga picha wenzangu. Tunazo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na ipo rada ya hali ya hewa hapahapa Mwanza, nami siku hizi sitoki bila kuangalia tahadhari ya siku hiyo. Lakini mvuvi wa dagaa mara nyingi amekwishalipia mafuta na wasaidizi kabla tahadhari haijamfikia, na mafuta hayarudishwi dukani. Sijapata jibu la namna ya kujisikia ninapolifurahia wingu ambalo mwenzangu analikimbia. Nimeacha tu kuandika chini ya picha maneno kama "uzuri wa asili".

Usiku ninaotaka kumalizia nao ulikuwa wa giza, mwishoni mwa Aprili. Dhoruba nyingi za ziwani huondoka kwenda magharibi na kutuacha, lakini hiyo ilipanua mkia wake kusini, na kwenye saa tisa kasoro robo usiku ukingo wake ulikuwa umefunika nyota zote za upande wa Ukerewe. Nilikuwa barazani, si juu ya jabali. Nilihesabu sekunde hamsini, kisha arubaini na mbili. Picha ya mwisho niliyoipiga kabla ya kuingia ndani ilipata radi moja tu, nyembamba, isiyo na matawi, iliyoshuka mbali nyuma ya wingu, na ukubwa wa wingu ukaonekana kwa sababu ya mwanga ule wa nyuma. Chini yake kulikuwa na taa tisa. Zote zilikuwa na michirizi iliyojikunja, na hapakuwa na mstari ulionyooka hata mmoja.

Sikulala. Kulipopambazuka nilishuka mwaloni nikiwa na kamera shingoni, nikamwonyesha mzee picha ile kwenye kioo chake kidogo, nikimuuliza kwa nini hakuna aliyekuwa anakimbia. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lililo zima.

"Hizi hazina watu," akasema. "Wameziacha wakarudi mapema. Hapo hakuna mtu."

Walikuwa wamerudi saa nane, wote, na sasa walikuwa wamelala kwenye turubai wakiwa wamejifunika magunia, huku mapazia ya mvua bado yakining'inia upande wa Sengerema. Nilimchapia mzee nakala moja ndogo, akaibandika kwenye nguzo ya kibanda cha kupimia dagaa. Baada ya wiki nilipita pale, nikaona kwamba pembeni mwa picha ameandika kwa kalamu ya wino: taa tisa, zimepatikana saba. Siku nyingine nilikuta saba imekatwa na kuandikwa nane. Moja ilikuwa imeokotwa ng'ambo ya pili ya ghuba, kioo kimepasuka, betri imekufa, na aliyeiokota alikuwa anadai elfu tano.